Mawe ya Ukuta wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi wanakuja wageni kumposa shemeji yangu mdogo. Mama mkwe katangaza: kati ya wakwe zake wawili, atakayeipendezesha nyumba ndiye atakayekaa kwenye kiti cha marehemu baba mkwe na kuwapokea. Kiti kile! Kina mito miwili. Mimi miaka tisa nakalia stuli karibu na mlango.

Mpinzani ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Namwita Bwana Brashi. Mwaka jana aliupaka ukuta wa mbele rangi ya mafuta, na mpaka leo akipita anajitazama humo. Nitaufunika wote kwa mawe membamba ya urembo. Kwaheri, rangi!

Jumanne, 4 Juni
Maboksi ishirini yamefika. Fundi wa mtaa wa pili kasema nianzie chini, tena kwanza niichokoe rangi yote kwa patasi, la sivyo saruji haitashika. Siku mbili za kuchokoa! Bwana Brashi kapita, kasema hayohayo. Hapo nikajua ni njama. Nimeanzia juu, majirani waone mapema.

Jumatano, 5 Juni
Yameshika! Mama mkwe kashika kiuno, katazama weee, kasema kumbe nina mikono. Kaniita baba. Nusura nidondoke kwenye ngazi kwa furaha.
Mke wangu kauliza mbona jiwe moja linateleza. Nimemwambia linajiweka sawa.

Ijumaa, 7 Juni
Yamejiweka sawa kumi na moja. Moja ndani ya beseni la nguo.
Nimeegemeza mbao na kutundika mashuka, nikasema saruji inataka kivuli. Mke wangu kasema nikimwaibisha mbele ya ndugu zake hatanisemesha mpaka mwaka uishe. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 8 Juni
Saa nne wageni hao! Nimeondoa mbao, nikauegemea ukuta kwa mgongo na viganja vyote viwili. Mama mkwe katoka barazani, kasema mbele ya watu wote: baba, umeshinda, ingia ukakae kwenye kiti chako.
Kiti changu! Nikajibu kwamba napunga upepo kidogo. Kaita mara ya pili. Ya tatu. Bwana Brashi kakaa yeye. Nilimwona dirishani, mito yote miwili. Roho iliniuma sana.
Kisha mjomba wa bwana harusi akaja kunisalimia, mkono mbele. Mzee wa watu! Ningefanyaje? Nikampa mkono.
Mawe ya ukuta mzima yakashuka. Vumbi tupu. Mjomba kafuta miwani, katazama juu, kauliza ni nani fundi wa rangi nzuri namna hii.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu hasemi. Nimekaa kwenye stuli yangu, nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona: rangi ya Bwana Brashi. Basi! Dari la sebule ya mama mkwe halina rangi hata tone. Maboksi manane yamebaki. Nitamwomba radhi kwa kulipamba, juu ya kile kiti hasa. Hakuna haja ya kuchokoa.
Na wasije wakasema tena kwamba nakikimbia kiti. Saruji ikishashika kidogo tu, wa kwanza kukaa ni mimi.