Mupishi Iko na Kisu

Bunia, mwezi wa nane, 2003

Kwa Mwalimu Anaclet, mtunzaji wa maktaba ya parokia

Jambo: Malalamiko juu ya mtu anayeandika kwa crayon ndani ya vitabu vya upelelezi

Mwalimu muheshimiwa,

Ninakuandikia kwa heshima yote, na ninakuomba usinitafute kwa macho unaposoma barua hii, kwa maana pengine nitakuwa nimeketi mbele yako. Mimi ni yule msichana wa kwenye dirisha, anayekuja Jumatano na Jumamosi. Wewe unaniita Bijou. Jina langu ni Séphora. Siku ya kwanza ulipokosea nilitaka kusema, lakini kulikuwa na watu nyuma yangu wanangoja, na sasa mwaka umepita, nimezoea. Hata kadi yangu ya kuazima imeandikwa Bijou. Hilo si lalamiko. Ninalitaja ili ujue unashughulika na mtu wa namna gani: mtu asiyelalamika ovyo.

Mara hii ninalalamika.

Nilijaribu kwanza kuandika kwa Kifaransa, jinsi tulivyofundishwa masomoni. Lakini kwa Kifaransa hasira yangu inakuwa na adabu mno. Inaanza na « j'ai l'honneur », yaani nina heshima, na kabla haijafika kwenye kosa imeshaomba msamaha. Nikahamia Kiswahili, lugha ambayo mama ananigombeza nayo.

1. Lalamiko la kwanza ni juu ya mashauri mabaya.

Katika maktaba yako, chini ya maisha ya watakatifu, kuna rafu ya vitabu vya upelelezi ambavyo mapadri wa zamani waliviacha. Sisi wasomaji wa rafu hiyo ya chini tunapeana mashauri: soma kile cha maiti katika kiwanda cha sabuni, acha kile cha mjane na kasuku, kasuku anasema mambo yote mapema. Wengine wanatoa shauri kwa mdomo. Floribert, kwa mfano, ambaye tunasoma naye darasa moja, anapaza sauti penye bomba la maji, watu wote wakisikia: « Séphora! Chukua ile ya kijani, ni tamu sana, ni shemeji njo aliua! » Floribert huanza kila kitabu kwa ukurasa wa mwisho. Hajakosea muuaji hata siku moja, na hakuna anayependa kuteka maji karibu naye.

Lakini simlalamikii Floribert. Ninamlalamikia mtu nisiyemjua, ambaye anatoa mashauri yake kwa crayon, ile penseli inayofutika, pembeni mwa kurasa, ndani ya mali ya parokia. Herufi k yake inafanana na kiti kilichoanguka. Na kosa lake si kuandika tu. Kosa lake ni kwamba hapati muuaji. Kila kitabu anamshitaki mpishi. Katika kile cha kiwanda cha sabuni, pale maiti inapookotwa, ameandika: « Ni mupishi. Iko na kisu. » Mwalimu, maiti ile ilikufa kwa sumu. Katika kile cha kasuku: « Mupishi. Angalia namna kasuku anaogopa jiko. » Kitabu cha tatu, cha notaire, yaani mwandishi wa hati, na wosia wake, hakina mpishi kabisa, tangu jalada hadi jalada. Humo ameandika: « Mupishi amejificha. »

2. Lalamiko la pili: mtu huyo ameniharibu tabia.

Unajua règlement, ile karatasi ya sheria uliyoibandika mlangoni, inakataza kuandika ndani ya vitabu. Mimi nimeisoma mara nyingi, kwa sababu huwa ninasimama pale mlangoni nikingoja watu wapungue. Sikuwa nimewahi kuweka hata nukta. Lakini nilipoona « Mupishi amejificha » mkono wangu ulikwenda wenyewe. Niliandika chini yake, kidogo sana: « Hakuna mupishi katika kitabu hiki. » Nikakirudisha kitabu. Kisha nikakiazima tena, nikakuambia eti nimesahau jina la inspekta. Nilidanganya, Mwalimu. Nilitaka kuona. Chini ya maneno yangu kulikuwa na jibu:

« Sasa nani anapika? »

Nilicheka ndani ya maktaba. Uliniangalia juu ya miwani, ukasema, « Bijou, kuko nini? » Nikasema ni kikohozi. Ukanipa maji ya kunywa, na nikayanywa.

Tangu hapo mambo yalizidi kuharibika. Ndani ya jalada alikuwa ananiandikia cha kusoma: « Ukimaliza hii, chukua ile ya saa iliyosimama. Mupishi yake ni mubaya kuliko wote. » Nikachukua. Nikamjibu kwamba mpishi wa humo ni bibi mzee, magoti yanamuuma, hawezi kupanda juu ya nyumba kumsukuma mtu. Akajibu: « Magoti iko inamuuma muchana tu. » Nikamwuliza ana ushahidi gani. Akaandika: « Weye utetee wapishi mpaka siku watakupikia kitu. »

Mwalimu, mimi ni mtu ambaye masomoni, jina likiitwa, ninashindwa kujibu « présent » hadi jirani yangu ajibu mahali pangu. Na mtu huyu amenifanya nigombane, kitabu baada ya kitabu, bila haya yoyote, na mtu ambaye sijaona hata kivuli chake. Sijui kama ni mvulana ao msichana, mzee ao wa umri wangu. Ninajua tu kwamba anatoka upande ule wa mji, kwa maana siku moja aliandika: « Leo barabara ya kwetu imefungwa, nimerudilia sura ya pili, mupishi bado anacheka peke yake. » Wakati ule, kwa sababu ya vita, watu wa upande wetu hatukuwa tunaenda kwao tena, na wao hawakuwa wanafika kwetu. Maktaba ilikuwa katikati. Vitabu havikusimamishwa penye kizuizi.

3. Lalamiko la tatu: amevuruga usalama wa barabara yetu.

Nilikuwa ninachagua maharagi na mama uani, na akili yangu ilikuwa ndani ya kile kitabu cha notaire. Nikasahau kwamba niko na mdomo. Nikasema kwa sauti: « Hapana, si mupishi! Notaire njo aliua! »

Mama Bernadette, jirani yetu, alikuwa ng'ambo ya ua anaanika nguo. Hakuuliza ni ukurasa gani. Maharagi hayajaanza kuchemka, barabara yote ilikuwa inajua kwamba kuna notaire ameua mtu. Wengine walimwona akipita. Baba mmoja alijua hata bunduki aliyobeba. Watu wakajaa mlangoni kwetu, na wote walikuwa na swali moja tu kwa mama: « Notaire ule, ni wa kabila gani? »

Mama aliniangalia. Nilitoka, nikajibu kwa sauti ndogo hivi kwamba walinilazimisha kurudilia mara mbili. Nikasema ni Mubelgiji.

« Aaah! » wakasema, wakarudi makwao. Mama Bernadette peke yake hakuridhika: « Mubelgiji? Na wote walikwenda! Huyu alipita wapi? »

Aibu hiyo ninaiandika kwa jina la mtu wa crayon. Kama asingemshitaki mpishi, mimi nisingekuwa na haja ya kumtetea. Lakini kwa haki ni lazima niseme: yeye, pamoja na makosa yake yote, anangoja kwanza maiti ipatikane. Anatafuta kisu. Anamwachia mpishi kitabu kizima cha kujitetea, na mwishoni, akiona amekosea, anaandika « Pole, mupishi » na kuweka tarehe. Katika barabara yetu notaire hakupewa hata ukurasa.

4. Lalamiko la nne ndilo kubwa kuliko yote. Ameacha.

Mwezi wa tano unaujua, sitakusimulia. Sisi tulikimbia, tukarudi. Wewe ulirudi pia, ukapanga tena maktaba katika kile chumba cha nyuma ambacho mlango wake ulibaki. Vitabu vingine vilikuwa vimeshakwenda kufungia karanga sokoni. Rafu ya watakatifu ilikuwa nzima, na ya wauaji karibu nzima. Nilifurahi hadi nikasahau kukusalimu, nisamehe.

Nikachukua kile cha hoteli ya mlimani. Ni yeye aliyenishauri, kabla ya vita ya mwezi wa tano, ndani ya jalada la kile cha saa iliyosimama: « Sasa tusome ile ya hoteli. Mi mbele, weye nyuma. » Basi nilijua nitakuta ameshapita. Nikakifungua pale pale nimesimama.

Mwalimu, humo kuna mpishi. Anaingia mapema sana, kabla hata ya inspekta. Ana kisu mkononi. Ana damu kwenye nguo, anasema ni ya kuku, na hakuna mtu aliyekula kuku siku ile. Wakati mhasiriwa anauawa, mpishi hayuko jikoni, na hasemi alikuwa wapi. Katika rafu yote ya chini hakujapata kutokea mpishi wa namna hiyo.

Na pembeni ni peupe.

Niligeuza kurasa zote hadi mahali nilipoogopa kuendelea. Niliziinua kwenye mwanga wa dirisha, nikadhani labda crayon yake ilikuwa inakwisha. Peupe. Hata « Ni mupishi » hakuna.

Hii, kwa maoni yangu, ni uzembe mkubwa. Mtu hana ruhusa ya kumsumbua mwenzake vitabu vyote vile, halafu amwache peke yake na mpishi wa kweli. Na iko kinyume cha règlement. Wewe mwenyewe uliandika kwa wino mwekundu kwamba msomaji anayehama ni lazima amuage mtunzaji. Alikuaga? Kama alikuaga na hukuniambia, basi ninakulalamikia wewe pia, kwa heshima. Kama amekimbilia Kpandroma, ao Nyankunde, ao ng'ambo ya ziwa, hiyo si sababu. Watu wanatuma salamu kutoka huko kila siku kwa madereva. Kama yuko kambini karibu na uwanja wa ndege, ni mwendo wa mguu, na sasa barabara imefunguka. Kuna sababu nyingine ambayo inaweza kumfanya msomaji asirudi. Hiyo siiandiki. Haiko katika règlement.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo, na sidhani nimezidisha.

Kwanza, crayon zote zikatazwe ndani ya maktaba, na kila anayeingia apekuliwe, Floribert pia, hata kama yeye anaharibu vitabu kwa mdomo tu.

Pili, kila mtu anayekuja kuazima aandike kwanza mbele yako, juu ya karatasi: « Mupishi iko na kisu. » Utazame zile k. Ukiona viti vimeanguka, ufunge mlango.

Tatu, mkosaji akipatikana, ahukumiwe kufuta kila kitu alichoandika. Afute kwa gomme yake mwenyewe, hapa hapa maktabani, kwenye meza ya dirisha, Jumatano na Jumamosi, ukurasa mmoja kwa siku na si zaidi, ili karatasi isichubuke. Itachukua muda mrefu. Haidhuru. Na kwa sababu wewe una kazi nyingi, atahitaji mlinzi anayejua vitabu hivyo vizuri. Nimekubali kujitolea. Ninafahamu kwamba mlinzi analazimika kusema na mfungwa. Nimeshaanza kujizoeza na mbuzi wa Mama Bernadette, na siku hizi ninaweza kumwangalia machoni.

Nne, akikana, asikatazwe kukana. Abishe kadiri anavyotaka. Alete ushahidi juu ya wapishi wote. Mimi nitakuwa na subira.

Nikitumaini kwamba utalishika jambo hili mkononi kabla masomo hayajafunguliwa, ninabaki msomaji wako mtiifu, mwenye kikohozi. Umsalimu mama wa nyumbani kwako, uwasalimu mapadri, umsalimu na Floribert, lakini usimwambie ninasoma kitabu gani. Uwasalimu wasomaji wote wa rafu ya chini, wa upande huu na wa upande ule.

Séphora
(Bijou wa dirishani)

P.S. Kitabu cha hoteli ninakirudisha pamoja na barua hii. Tafadhali usikipange kwenye rafu, kiweke katika meza yako, na usimpe mtu mwingine yeyote ila mwenye zile k. Pale anapoingia mpishi utakuta kipande cha crayon. Ni changu, nimekichonga pande zote mbili. Usikitoe. Sura ya mwisho sijaisoma. Ninaogopa kwamba safari hii ni mupishi kweli, na sitaki kujua kabla yake.