Viatu vya Bwana Harusi Vimeondoka na Meli Yako

Nahodha Mheshimiwa,

Ni mimi Ramnik Gandecha, muuza masufuria wa Kalbadevi, hapa Mumbai, mtu ajulikanaye kwa kuwa na marafiki dunia nzima. Nakuandikia kwa adabu, ingawa nimenuna.

1. Jumanne watalii wako walioshuka kutazama mji walimtoroka mwongozaji wao, wakajiunga na msafara wa harusi ya mpwa wangu Hiren. Walicheza mbele ya farasi aliyepanda bwana harusi kunishinda mimi, na mbele ya farasi sijawahi kushindwa ila na goti.

2. Baba wa bibi harusi, Mansukhbhai, akaniuliza, "Ramnikbhai, Wazungu hawa ni wa nani?" Mwenye akili angenyamaza. Nikajibu, "Wangu hao. Rafiki wa siku nyingi, wamemfuata Hiren kwa meli." Basi wakakalishwa mbele, wakala kabla ya shangazi zangu. Shangazi hawanisemeshi mpaka leo.

3. Donda lenyewe ni hili. Kwetu bwana harusi akivua viatu ili afungishwe ndoa, shemeji zake wa kike huviiba, naye huvikomboa kwa fedha. Sisi upande wake huvilinda, na mlinzi mkuu nilikuwa mimi. Wale mabinti wakavitia kwenye mkoba wa mama mmoja wa meli yako, mwenye kofia ya ukili, wakijua sitampekua rafiki yangu. Wameyasema wenyewe baadaye, wakicheka hadi machozi. Kabla viatu havijakombolewa, basi lenu lilipiga honi, mama akatupungia mkono, akaenda zake na mkoba.

Hiren amempeleka mkewe nyumbani akiwa amevaa kandambili zangu, ya kulia na ya kushoto si ndugu. Mansukhbhai akasema mbele ya wakwe wote, "Huyo ni mwizi, au si rafiki yako. Chagua." Nikaapa kwamba ni rafiki, na kwamba atavirudisha kwa mkono wake.

4. Kwa hiyo naomba ugeuze meli.

Wasalimie wapishi, mafundi wa mitambo, na mama watoto kama mnasafiri pamoja.

Wako niliyerudi nyumbani pekupeku,
Ramnik Gandecha

Tanbihi: Usigeuze. Mke wangu amesoma barua hii, amesema binti yetu anaolewa msimu ujao wa baridi. Mama yule aje na viatu siku hiyo, na wenzake wote, chakula kipo. Ila uniandikie upesi anaitwa nani. Mji mzima unaniuliza habari za rafiki yangu, na jina lake silijui.