Mkanda wa Kocha Lathem

Jumatatu, 11 Novemba
Mkuu wa mashambulizi wa timu yetu ya chuo, ya mpira wa Kimarekani, amehamia chuo kimoja Texas. Kiti ki wazi! Kocha Lathem, kocha mkuu, amesema atachagua mrithi baada ya mechi ya Jumamosi. Tumebaki wawili. Mimi, Virgil Stroud, miaka kumi na tisa kazini, mwalimu wa wapiga mateke. Na Kessler, mwalimu wa warusha mpira, kijana wa juzi, nywele zimejaa mafuta. Tena mimi ndiye ninayemshika kocha mkuu mkanda wa suruali wakati wa mechi. Akikasirika huvuka mstari wa pembeni, na akivuka tunaadhibiwa: wapinzani husogezewa mpira yadi kumi na tano. Kazi nyeti! Mke wangu Darlene amesema tumehama mara saba na inatosha. Nikikosa cheo hiki, anakwenda kwa mama yake, mjini Mobile. Hakuwa akitania.

Jumatano, 13 Novemba
Nimempelekea Bi Loretta, mke wa kocha mkuu, pai ya pikani, zile njugu tamu za kwetu. Nani yuko sebuleni? Kessler! Anakula kuku wa kukaanga kama mtoto wa nyumba hiyo. Bi Loretta akaniambia pai niiweke pale na zile nyingine. Zile nyingine zilikuwa tatu, zote za Kessler. Nikaonja moja. Tamu, mshenzi yule! Roho imeniuma mpaka nimekosa usingizi.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimepata! Kessler ndiye anayeinua mabango ya picha kuwaambia wachezaji la kufanya. Trekta, kimbieni na mpira. Bata, rusheni. Kila mechi hakosi kukosea mara moja. Akikosea, mzee Lathem atataka kumrukia, nami nitauachia mkanda kidogo tu. Kessler atafokewa mbele ya watu elfu tisa, na mikono yangu itabaki safi. Darlene ameuliza mbona nacheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 16 Novemba
Balaa! Dakika moja imebaki, tuko mbele kwa pointi moja. Kessler akainua bata badala ya trekta. Mpira ukarushwa, wapinzani wakaudaka. Mzee akaruka. Nikaachia! Akampita Kessler kama hamwoni, akavuka mstari, akamvaa mwamuzi akidai mpira uligusa nyasi kwanza. Wakaanguka wote wawili. Yadi kumi na tano. Wapinzani, sasa karibu na goli letu, wakapiga teke, pointi tatu, tumekwisha. Kocha akaniita mbele ya timu nzima, nyasi bado ziko kwenye masharubu yake.
"Stroud! Kazi moja tu, mwanangu! Ningefungwa kwenye mti ningekuwa salama zaidi!"
Bata hakuna aliyemkumbuka.

Jumapili, 17 Novemba
Kocha Lathem amefukuzwa. Katika kazi hii kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi humfuata, kwa hiyo nikaanza kutafuta maboksi. Saa nane simu ikalia. Kessler! Amepewa timu mpaka mwisho wa msimu. Akasema wengine waondoke, mimi nibaki.
"Mzee wangu, nahitaji mtu wa kunishika mkanda."
Nimekubali kabla hajamaliza. Nikamkimbilia Darlene kumwambia hatuhami. Akauliza cheo gani. Nikamwambia. Akaniuliza kama nimejifunza chochote, akampakia mbwa kwenye gari, akaondoka. Atarudi tu. Na nimejifunza sana! Lathem alikuwa mzito, ndiyo maana aliishia kwa mwamuzi. Kessler ni mwepesi. Jumamosi nikimwachia, atafika katikati ya uwanja.