Pikapu Isiyojua Mkono wa Mtu

Leo nimeadhirika, jamani. Tena hapa hapa Kibiti, kando ya barabara, mchana kweupe, mbele ya watu wanaonijua mpaka jina la bibi yangu.

Pikapu yangu mnaijua. Kuukuu. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba (fundo ni la siri), na stata ilikufa tangu masika ya mwaka juzi. Muda mrefu nimejiuliza: niiuze ninunue mashine ya kukoboa mpunga, au niendelee kubeba maharusi na wagonjwa wa hospitali ya Mchukwi, ambao nauli yao ni dua? Mke wangu akasema usiuze. Nikasema nauza. Mteja akaahidi kuja leo kutoka Dar.

Alfajiri nikaiteremsha kilimani, ikawaka. Sikuizima tena. Nikaiegesha karibu na kijiwe cha kahawa, ikinguruma kama ya waziri. (Mafuta yanaungua, na roho inaungua.)

Mteja akafika. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Akaizunguka mara moja. Mimi nikamfuata, nikaizunguka mara mbili, nisije nikakuta tairi zimepungua.

"Imewahi kusukumwa hii?"

"Hii? Haijui mkono wa mtu!"

Nikamtajia bei. Ile bei ya kutaja, siyo ya kuuzia. Akasema, "Sawa."

Sawa! Hakuomba nimpunguzie hata ya soda! Tangu biashara iwe ruksa nimewaona wengi, na asiyelalamikia bei hana nia ya kulipa. Au anajua kitu kuhusu gari langu ambacho mimi sikijui. Nikachungulia chini ya kiti. Nazi moja, imeota.

"Ngoja niiendeshe kidogo, niisikilize," akasema, na kabla sijajibu keshapanda, keshakanyaga klachi.

Nikaona yote: shati jeupe linapotelea vumbini, mimi nimebaki na kamba ya mlango mkononi. Nikapenyeza mkono dirishani, nikazima, nikachomoa ufunguo.

Kimya.

"Pesa kwanza," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye akili.

Akacheka. Akatoa bahasha nene, akaifungua niione. Wenzangu, zilikuwa pesa za kweli! Akairudisha mfukoni, akasogea kiti cha pili. "Haya mzee, washa twende wote. Tukirudi, zako."

Nikapanda. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik.

Sikuita mtu. Wallahi sikuita! Lakini kijiweni waliisikia ile tik, na watu wa kwetu wakiisikia hawangoji kuitwa. Vikombe vikawekwa chini. Mzee Mkumba akavua koti, akaenda kona ya kulia, mahali pake pa siku zote. Bi Tatu akaepua vitumbua, akashika kona ya kushoto. Wengine wakajaza katikati, bega kwa bega, kila mtu na nafasi yake, kama safu za swala.

"Acheni jamani! Leo hakuna haja!"

"Hakuna haja vipi, bwana?" akafoka Mzee Mkumba. "Tia gia ya pili kama kila siku. Leo huna mzigo, itawaka kabla ya msikiti."

"Na huyo mgeni mbona kakaa?" Bi Tatu akadakia. "Shuka, baba. Gari hii anayepanda lazima asukume."

Mteja akanitazama. Nikamfungulia kamba ya mlango, akashuka. Akasukuma! Na kweli, hata msikitini hatujafika, ikawaka. Kijiwe kizima kikashangilia. Shati jeupe lilikuwa na masizi kifuani, na bahasha ilikuwa bado mfukoni mwake.

"Gari sinunui," akasema akipangusa viganja. "Ila hawa wasukumaji wako, bei gani?"

Walicheka mpaka kahawa ikapoa. Mke wangu habari zimemfikia; amenipakulia wali akiwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mashine sina, pikapu ninayo.

Nanyi msinicheke. Mkiugua, hospitali tutakwenda na hii hii, na mgonjwa naye husukuma.