Wiki Niliyokuwa Jani

Jumatatu, 4 Machi

Dada kanipokonya sahani mchana, nikiwa bado natafuna! Kasema mimi ni kupe. Mumewe, shemeji yangu, mwalimu wa sayansi, akamkosoa: kupe akishiba hubanduka. Asante sana, shemeji.

Amri imetoka. Ama nianze kazi kwenye tanuri la mikate, ama chumba changu apewe jirani, Fundi Cherehani, anayekimezea mate kwa ajili ya mashine zake. Tanuri huwashwa alfajiri. Alfajiri!

Jioni nikafungua kitabu cha shemeji. Kumbe jani hujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa. Halibanduki hata tawini! Nikatangaza: kuanzia kesho mimi ni jani. Nikimaliza Ijumaa bila kula, chumba kinabaki changu. Dada akakubali haraka mno. Hajui nimeficha mikate ndani ya foronya.

Jumanne, 5

Nimeshinda uani na shati la kijani, uso juani. Mkate nikaula chooni, kimyakimya. Majirani wakaja kutazama. Muuza mboga akasema ngozi yangu imeanza kung'aa. Siagi hiyo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumatano, 6

Balaa! Fundi kahamishia mashine yake uani, anashona huku kanikodolea macho. Nikienda chooni ananisindikiza, anasimama mlangoni akipiga mluzi. Nikakimbilia foronya. Sisimizi! Mikate yote inatembea kuelekea dirishani, chembe kwa chembe. Shemeji akawaona wakitoka, akafurahi kama aliyepata mtoto, akaeleza jinsi wanavyoachiana harufu njiani. Hakuuliza mkate umetoka wapi. Wasomi!

Alhamisi, 7

Shemeji kakumbuka kwamba mmea unahitaji mbolea. Dada akaja na ndoo ya samadi, akanifukia miguu hadi vifundoni, kisha akanimwagilia maji taratibu. Anacheka peke yake, mtoto wa mama yangu!

Mchana mbuzi wa muuza mboga akanisogelea, akanipima kwa macho, akala kola ya shati. Shemeji akasema huyo ndiye wa kwanza kuniamini. Nikamwonea mbuzi wivu. Yeye kala.

Ijumaa, 8

Tumbo linaunguruma kama lori mlimani. Fundi akaja na bakuli la maharage, makusudi, akala nusu, akasinzia. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Naapa! Nilipokuwa nalamba bakuli akafumbua macho, akapiga yowe. Dada akatoka mbio, shemeji nyuma yake.

Nikawaeleza kwa utulivu kwamba iko mimea inayokula wadudu. Shemeji akakiri ipo.

"Haya, mdudu yuko wapi?" akauliza dada.

Nikamwonyesha Fundi.

Hakuna aliyecheka. Fundi akanyoosha mkono kupokea ufunguo.

Jumamosi, 9

Mashine zimeingia chumbani, mimi nimehamia kochi la sebuleni. Alfajiri nilikuwa tanurini. Mwoka mikate akanionyesha donge la unga lililoumuka. Akasema hamira inakula sukari na kutoa hewa, basi, kazi yake imekwisha. Nikauliza kwa nini nafasi hiyo asipewe mtu. Akanitwisha gunia.

Mgongo si wangu. Jioni dada akanipakulia sahani ikafurika, akakaa kando yangu. Nusura machozi yanitoke. Nikasingizia moshi wa tanuri.

Jumapili, 10

Nimerudi kwenye kitabu. Kosa langu lilikuwa ukurasa tu! Chatu humeza mnyama mzima kwa mkupuo, kisha hulala majuma kadhaa akimeng'enya, wala hana dada wa kumwita mvivu. Na Jumamosi ijayo mwoka mikate anamwoza binti yake. Wafanyakazi wote tumealikwa! Nitameza siku hiyo hiyo, kisha nitamwomba bosi likizo ya kumeng'enya. Hawezi kukataa, ni sayansi.

Tangu asubuhi nimejifungia bafuni, mbele ya kioo, nazoeza taya.