Uzinduzi wa Sakafu ya Kuchezea

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi; Mheshimiwa Makamu wake, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti; Ndugu Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti, pole kwa kukosa kiti; Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu; mke wangu mpenzi, Mlezi wa Programu; shemeji yangu, Mshauri Mwelekezi wa Programu; viongozi wa dini zote mliotuombea kwa zamu mpaka kivuli kikahama upande; wazazi, walezi na bibi zetu pale mbele; mwalimu wetu wa dansi na wanafunzi wako thelathini na wawili mliosimama tangu saa mbili asubuhi; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajisalimie kwa niaba yangu.

(Makofi. Bibi mmoja anajisalimia.)

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijalia pumzi ya kusoma kurasa kumi na tisa zilizo mbele yangu. Mimi ni mtu wa sala, jamani. Hamlijui hilo kwa sababu huwa sijisifu, ingawa wanaonifahamu hunisifu wenyewe nami nawaacha. Leo alfajiri nilipiga magoti nikasema, Mola wangu, nipe unyenyekevu wa kutosha kubeba heshima ninayokwenda kupewa. Na nilipoinuka goti likalia ko, nikajua nimesikilizwa.

(Kicheko. Mheshimiwa mgeni rasmi anasubiri kiishe, kisha anasubiri kingine, hakiji.)

Ndugu wananchi, tumekusanyika kuzindua rasmi Programu Jumuishi, Shirikishi na Endelevu ya Dansi Mashuleni, kwa kifupi PJSEDM, kifupi ambacho hakitamkiki, lakini tumetenga warsha ya siku tatu ya kujifunza kukitamka. Chimbuko lake ni mwalimu huyu mwenye mkoba wa bluu, mkoba ambao nimeuchungulia mwenyewe na ndani hamna poda wala kioo, mna pamba, spiriti na bandeji. Kwa sababu miaka sita sasa anawafundisha watoto kucheza peku katika ule ujia kati ya darasa la tano na choo, juu ya saruji inayokwaruza kama msasa, na jioni watoto wanarudi nyumbani wakikanyagia visigino. Kila muhula alituandikia barua yenye ombi moja tu, sakafu ya mbao, mita nane kwa sita. Naye Mwalimu Mkuu, ambaye wazazi wamemchosha kwa malalamiko ya vidonda, ameshatamka kwamba ikifika Jumatatu shule haina sakafu, somo la dansi linafutwa na kipindi chake kinakuwa cha kufagia uwanja.

("Ndivyo nilivyosema," anasema Mwalimu Mkuu.)

Sasa, ningekuwa kiongozi wa kawaida, ningeleta mbao nikaenda zangu. Lakini sisi tunaheshimu mchakato. Tuliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaandika dhana, dhana ikapelekwa kwa wadau, wadau wakauliza chai iko wapi, na hapo ndipo tulipoona umuhimu wa ziara ya mafunzo ya siku kumi na nne katika nchi tatu, mimi, mke wangu, shemeji na dereva wa shemeji, tukakanyaga sakafu za kuchezea za kila aina, kwa viatu, kwa soksi, na siku moja, naomba hili libaki kati yetu, peku. Niwaambie siri ambayo hata mke wangu ndiyo kwanza anaisikia sasa, samahani mama watoto: siku ile mlinzi alipokwenda kula, nilizunguka. Mara moja tu, mikono juu. Ule ubao ulinipokea mguu kama mwenyeji anavyokupokea mzigo mlangoni, na nilitokwa na machozi mtu mzima mimi. Tuliporudi tukaandika ripoti ya kurasa mia mbili na kumi, inayothibitisha pasipo shaka kuwa sakafu ya mbao ni ya mbao.

(Makofi. Mke wa Mheshimiwa hapigi, anamwangalia tu.)

Nikija kwenye takwimu, tathmini ya awamu ya pailoti inaonyesha kwamba ari ya kucheza imepanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na ingepanda zaidi kama kuna mtu angecheza.

("Mheshimiwa, samahani kukukatisha," anasema mwalimu wa dansi. "Jumatatu watoto wangu wanachezea wapi?")

Swali zuri sana, dada yangu. Jibu liko ukurasa wa kumi na sita.

("Na wewe uko wa ngapi, baba?" anauliza yule bibi aliyejisalimia.)

Wa saba, mama.

("Ruka." Kicheko kirefu.)

Naruka, kwa heshima ya mvi zako. Ukurasa wa kumi na sita. Unasema, "Tazama ukurasa wa kumi na saba." Wa kumi na saba ni shukrani.

Basi nawashukuru mafundi seremala walioliunga jukwaa hili ninaposimama, kwa mbao zilezile za sakafu, mita nane kwa sita, zikapigwa randa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Maana tulitafakari kwa kina tukaona hazifai kuwa sakafu kabla programu haijazinduliwa, na programu haizinduliki kiongozi akiwa amesimama chini. Namshukuru dereva wa lori, ambaye saa kumi analipeleka jukwaa shule ya jirani kama alivyolileta hapa kutoka shule ya kumi na moja. Nisiwafiche, ninyi ni watu wangu: programu yenyewe ndiyo hii, tunazindua. Ninyi ni shule ya kumi na mbili, na hakuna shule iliyolalamika kuwa haikuzinduliwa. Nawe mwalimu nakushukuru kwa kutuazima watoto wa kupiga nao picha, kwa kuwa programu haijawahi kuwa na mtoto, wala mwalimu, wala sakafu. Nembo tunayo.

(Mwalimu wa dansi anainama, anavua viatu vyake. "Vueni, wanangu," anasema. "Tunakwenda kupiga picha." Wote thelathini na wawili wanapanda.)

Karibuni, sogeeni. Nikisema dansi, mseme endelevu. Dansi.

("Endelevu." Mwalimu anapiga makofi manne. Watoto wanaanza kucheza. Kurasa za Mheshimiwa zinaruka moja moja.)

Mwalimu, hii ilikuwa picha ya kusimama.

("Kusimama wameshasimama, Mheshimiwa. Tangu saa mbili.")

Dereva, hebu sogeza lori.

("Mimi sipakii jukwaa lenye watoto, mzee," anajibu dereva, na anazima injini. Mwalimu Mkuu anafungua daftari lake. "Iandikwe," anasema, "kwamba sakafu ipo.")

Naam. Basi naomba mtu anishike mkono, hapa panatikisika. Asanteni sana kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na shule ya kumi na tatu waambiwe nitawazindua nikiwa nimesimama chini.