Mdhamini wa Samaki

Mamlaka ya Maji Tulivu iliutangazia umma kwamba, baada ya tafakuri nzito, samaki mla-magugu sasa angeruhusiwa kuombewa kibali. Kumfuga kulibaki marufuku.

Mama Cherehani, mshonaji wa sare za shule, alilisikia tangazo redioni, akamshukuru Mungu mguu ukiwa bado kwenye pedali. Magugu yalikuwa yamelifunika bwawa lake la uani. Perege wake walikuja juu kutweta kama wazee waliopanda ngazi, na wengine walikwisha kuelea matumbo juu. Bwawa hilo ndilo lililomsomesha kitinda mimba wake.

Mkurugenzi wa Mamlaka alimpokea vizuri. Sharti lilikuwa moja tu: mwombaji awe na mdhamini ambaye tayari ana kibali.

"Baba, kuna aliyewahi kupewa?"

"Bado."

"Sasa wa kwanza atadhaminiwa na nani?"

"Huyo wa kwanza, mama, ndiye tunayemsubiri."

Mama Cherehani aliomba Mungu ampe subira, kisha akaomba kikao. Kamati ikakubali, na kwa kuwa haki haina upendeleo, ikaagiza samaki mwenyewe aletwe kutoka kituo cha utafiti ahojiwe. Aliulizwa kama ana nia ya kutoroka. Alifumba na kufumbua mdomo, kamati ikamwandika kuwa amekataa kushirikiana. Chai ilipofika, kikao kikaahirishwa hadi wiki ijayo. Ndoo ilikuwa ndogo, hivyo Mkurugenzi akaamuru mtuhumiwa amiminwe katika bwawa la mapambo chini ya dirisha lake.

Wiki iliyofuata bwawa lile, lililokuwa kijani tangu lichimbwe, lilikuwa jeupe kama glasi. Mkurugenzi alikuwa akilionyesha kwa wageni wakati mkaguzi alipofika. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemwajiri kijana huyo, kwa sababu hakujua kucheka.

"Mzee, kanuni yako inasema anayekutwa na samaki huyu bwawani kwake ndiye mwenyewe."

"Huyu ni kielelezo, kijana."

"Vielelezo hukaa kabatini."

Adhabu yake ilikuwa kufukuzwa kazi, isipokuwa kama ana kibali. Kamati ilikusanyika mbio, na Makamu akakalia kiti cha Mkurugenzi, naye Mkurugenzi akasimama pale aliposimama samaki. Alieleza kwa machozi kwamba mla-magugu ni mpole, hana makuu. Mama Cherehani, aliyekuja kwa kikao chake, aliyatambua maneno aliyoyaandika kwenye ombi lake mwenyewe.

"Mdhamini wako nani?" Makamu akauliza.

Ndipo kamati, kwa maslahi ya taifa, ikamwondolea Mama Cherehani sharti la mdhamini na kumpa kibali papo hapo, wino ukiwa mbichi, ili apatikane mtu wa kumdhamini mkuu.

Aliupuliza wino ukakauka, akakikunja kibali, akakitia kifuani.

"Haya, mama," Makamu akasema. "Unamdhamini mkuu?"

Mama Cherehani aliwatazama watuhumiwa wote wawili, aliyekuwa majini chini ya dirisha na aliyekuwa akitokwa jasho.

"Samaki namdhamini," akasema. "Huyu baba, tumwombee."